Picha Iliyozamishwa Majini

Mwaka 1903, katika jumba la ukoo wa Tagore pale Jorasanko, kaskazini mwa jiji la Calcutta, wageni wawili kutoka Japani walikuwa wameketi sakafuni na brashi zao. Mkubwa wao, Yokoyama Taikan, alikuwa na miaka 34. Mwenzake, Hishida Shunso, alikuwa hajafika 30. Mwenyeji wao, Abanindranath Tagore, naye kijana wa miaka 31, alijisogeza pembeni akawa anatazama tu, kama mtoto aliyetumwa kwa fundi cherehani akasahau alichotumwa. Alikuwa mchoraji mwenyewe. Alifundishwa na walimu wa Kizungu, Mwitaliano na Mwingereza, namna ya kuchora mwili wa mtu kwa vipimo na kivuli kwa kanuni, na kazi hiyo ilikwisha kumchosha.

Kilichomvuta macho ni maji. Taikan alikuwa na tabia ya kuchukua brashi pana, kuichovya majini na kuipitisha juu ya picha aliyokwisha kuipaka rangi, akiilowesha kidogo kidogo mpaka kingo za vitu zianze kulegea. Abanindranath akawaza: ikiwa maji haya kidogo yanafanya kazi hii, maji mengi yatafanya nini? Akaichukua karatasi yake, picha ikiwa juu yake, akaizamisha yote.

Nimewahi kulijaribu jambo hili nyumbani, kwa karatasi ya daftari la kuchorea la mtoto, rangi za maji za dukani na beseni la kufulia. Mara ya kwanza karatasi iliniachia mkononi kama chapati iliyolala ndani ya mchuzi. Mara ya pili nilitafuta karatasi nzito, nikaiacha rangi ikauke kabisa, nikaitelezesha majini taratibu. Rangi ya juu ilitoka kama moshi ikaelea kwenye beseni. Iliyobaki ilikuwa imekwisha kuingia ndani ya karatasi, nayo haikutoka tena. Ukianika, ukapaka rangi nyingine juu yake, ukazamisha tena, na tena, picha inafika mahali ambapo hujui mstari uliuchora wapi. Mti hauanzi mahali fulani na hewa kuishia mahali fulani. Vyote vinatoka kwenye ukungu mmoja. Yangu haikuwa picha ya kumwonyesha mtu, lakini nilielewa kwa nini Abanindranath hakurudi tena alikotoka.

Njia hiyo ya kuzamisha picha ndiyo iliyokuja kuwa alama ya shule nzima ya uchoraji ya Bengal. Ndiyo pia mlango wangu wa kuingilia katika habari kubwa zaidi: jinsi watu wa Bengal, wakiwa chini ya bendera ya Uingereza, walivyotafuta ndugu upande wa mashariki, wakawapata, na baadaye wakaumizwa nao.

Taikan na Shunso hawakufika Jorasanko kwa bahati. Aliyewatuma ni mwalimu wao, Okakura Kakuzo, mmoja wa watu wa ajabu wa zama zake. Alizaliwa Yokohama mwaka 1863, mtoto wa mfanyabiashara, katika mji wa bandari uliojaa wageni, akakijua Kiingereza kiasi cha kuandika vitabu vyake mashuhuri kwa lugha hiyo. Alikuwa mkuu wa Chuo cha Sanaa cha Tokyo mpaka mwaka 1898, alipoondolewa kwa fitina za ndani. Akatoka na baadhi ya walimu na wanafunzi wake, wakaanzisha taasisi yao. Humo ndimo Taikan na Shunso walipoanza kuchora bila mistari, jambo lililowaudhi sana wakosoaji wa nyumbani kwao, maana uchoraji wa Kijapani uliheshimiwa kwa mstari. Wakosoaji hao wakaupachika mtindo huo jina la kejeli, mtindo wa ukungu. Picha hazikununuliwa. Kwa hiyo hao wawili waliofika Calcutta kama mabalozi wa sanaa ya Japani walikuwa, kwa hesabu za kwao, watu walioshindwa. Hilo huwa halitajwi sana panapozungumzwa habari za udugu wa Asia.

Okakura mwenyewe alitangulia. Alifika Calcutta mwanzoni mwa 1902, amevaa kimono, akakaa sehemu kubwa ya mwaka huo. Alikutana na Swami Vivekananda, mtawa wa Kihindu aliyekuwa na sifa hadi Marekani, wakasafiri pamoja hadi Bodh Gaya, mahali ambapo Buddha anaaminiwa kupata nuru. Vivekananda alikuwa mgonjwa, akafariki Julai mwaka huohuo. Alikutana pia na Nivedita, mwanamke wa Ireland ambaye jina lake la kuzaliwa ni Margaret Noble, mfuasi wa Vivekananda, aliyekuwa amehamia Calcutta na kushika uzalendo wa Kihindi kuliko Wahindi wengi. Na alikutana na ukoo wa Tagore: Surendranath, kijana aliyempenda, na baba yake mdogo Rabindranath, mshairi.

Akiwa huko alikamilisha kitabu chake kuhusu maadili ya Mashariki, Nivedita akakiandikia utangulizi, na mwaka 1903 kikachapwa London. Dai lake la kwanza kabisa ni kwamba Asia ni kitu kimoja: kwamba milima ya Himalaya inatenganisha tu ili kukazia, na kuwa kutoka Uarabuni hadi Japani kuna roho moja inayotafuta kilicho juu ya vitu. Mtu akitaka kucheka ana sababu. Umoja wa Asia ulitangazwa kwa Kiingereza, kwa utangulizi wa mwanamke wa Ireland, na kampuni ya uchapaji ya Uingereza. Lakini Mjapani na Mbengali wangezungumza lugha gani? Okakura hakujua Kibengali, akina Tagore hawakujua Kijapani. Kiingereza kilikuwa ukumbi wa kupanga ambao mwenye nyumba hakujua wapangaji wanapanga nini ndani.

Ili uelewe kwa nini wageni hawa walipokewa kwa mikono miwili, kumbuka Calcutta ilikuwa nini. Hadi 1911 ndiyo iliyokuwa makao makuu ya India ya Waingereza. Hapo ndipo tabaka la wasomi wa Kibengali lilipozaliwa, makarani, mawakili, madaktari na waandishi waliosoma fasihi ya Uingereza na kuambiwa kila siku kwamba ya kwao si fasihi. Katika Shule ya Serikali ya Sanaa vijana walinakili sanamu za plasta za Kigiriki. Mkuu wa shule hiyo, Mwingereza E. B. Havell, ndiye aliyeanza kuviondoa vitu hivyo na kununua picha za kale za Kimughal ili wanafunzi waangalie kazi za mababu zao. Baadhi ya wanafunzi na magazeti ya Kibengali walimkasirikia: walimshuku kwamba anawanyima elimu ya kisasa. Ukoloni huwa na vituko vyake. Mzungu anasema soma vya kwenu, mwenyeji anajibu unataka nibaki nyuma. Mwaka 1905 Abanindranath akawa makamu wa mkuu wa shule hiyo.

Mwaka huo ulikuwa mzito. Mwezi Mei meli za vita za Japani ziliwashinda Warusi katika bahari ya Tsushima, na habari ilipofika Bengal ilipokewa kama vile timu ya mtaani imeifunga timu ya wafalme. Kwa mara ya kwanza katika kumbukumbu ya watu walio hai, taifa la Asia lilikuwa limeangusha dola kubwa ya Ulaya. Kisha tarehe 16 Oktoba, Lord Curzon, mtawala mkuu wa India, akaligawa jimbo la Bengal vipande viwili. Serikali ilisema ni kwa urahisi wa utawala. Wabengali waliona wanakatwa mwili. Nguo za Manchester zikachomwa moto hadharani, watu wakaapa kununua vilivyotengenezwa nyumbani, Rabindranath akaongoza watu barabarani wakifungana nyuzi mikononi, Waislamu na Wahindu, kuonyesha kwamba hawajagawanyika.

Katika moto huo Abanindranath alichora picha ndogo ya maji ya mwanamke aliyesimama peke yake. Amevaa vazi la rangi ya zafarani, kama mtawa. Ana mikono minne: mmoja umeshika kitabu, wa pili mganda wa mpunga, wa tatu kipande cha kitambaa cheupe, wa nne tasbihi. Elimu, chakula, mavazi na ibada, basi. Hakuna silaha hata moja, ingawa baadhi ya miungu wa kike wa Bengal hujaa silaha mikononi. Nyuma ya kichwa chake kuna mwanga hafifu, miguuni maua, na pande zote ukungu ule wa beseni. Kwanza alikuwa mama wa Bengal, kisha akaitwa Bharat Mata, mama wa India. Nivedita aliipenda kiasi cha kutamani kila mkulima awe nayo ukutani.

Hapo ndipo ninaposimama kila ninapoiona picha hiyo. Sura ya mama wa taifa la India, inayohesabiwa kuwa ya Kihindi kuliko kitu chochote, ilioshwa kwa maji aliyoyaleta Mjapani. Na Wahindi walioichukia kwa ulegevu wa mikono yake na vidole vyake virefu walitumia maneno yaleyale ya wakosoaji wa Tokyo: haina mstari, haina mifupa, ukungu mtupu. Haki lazima itendeke pia kwa wakosoaji. Baada ya miaka kumi, wanafunzi wa Abanindranath na wanafunzi wa wanafunzi wake walikuwa wanazamisha kila kitu, mfalme, ng'ombe na malaika, mpaka ikawa huwezi kujua kama ni asubuhi ya majira ya baridi au mchoraji amekosa la kusema. Mwanafunzi wake bora, Nandalal Bose, aliondoka taratibu kwenye ukungu huo akarudi kwenye mstari mnene. Yeye ndiye aliyekuja kupamba kurasa za nakala asilia ya Katiba ya India.

Wageni nao hawakuondoka mikono mitupu. Mwaka 1909 Taikan alichora wanawake wa Kihindi ukingoni mwa mto Ganges wakiziachia taa zielee majini. Picha hiyo ilisaidia kumrudishia heshima nyumbani. Shunso alikufa mwaka 1911, bado kijana, macho yake yakiwa yameharibika kwa ugonjwa. Okakura akafuata mwaka 1913.

Njia ya Calcutta na Japani haikupitiwa na wasanii tu. Mwaka 1912 mwanamke wa Dhaka, Hariprabha Takeda, alipanda meli kwenda kuwaona wakwe zake. Mumewe alikuwa Mjapani aliyekuja Dhaka kufanya kazi katika kiwanda cha sabuni. Mwaka 1915 alitoa kitabu cha safari hiyo kwa Kibengali, nacho ni miongoni mwa vitabu vya mwanzo kabisa vya mwanamke wa Asia Kusini kuhusu Japani. Mkwe wa kike anaandika mambo ambayo washairi hawayaoni: jikoni kukoje, mama mkwe anapokeaje mgeni, watu wanakuja kumtazama wakidhani nini.

Na mwaka huo wa 1915 alipita mwingine, kwa siri. Rash Behari Bose alikuwa akitafutwa kila pembe ya India kwa kuhusika na bomu lililomjeruhi mtawala mkuu, Lord Hardinge, mjini Delhi mwaka 1912. Kulikuwa na donge nono kwa atakayemkamata. Yeye akakata tiketi ya meli ya Kijapani akijiita P. N. Tagore, jamaa wa mshairi anayekwenda kuandaa ziara yake. Rabindranath alikuwa amepata tuzo ya Nobel miaka miwili kabla, na jina Tagore lilifungua milango yote ya bandarini. Polisi wa Kiingereza walimpa mkono wa kwaheri, kwa namna ya kusema.

Huko Tokyo mambo yakageuka. Japani na Uingereza zilikuwa na mkataba wa urafiki, na London ilidai arudishwe. Serikali ikamwamuru aondoke nchini. Akatoweka. Wenye duka la mikate la Nakamuraya, mtaa wa Shinjuku, mume na mke wa ukoo wa Soma, walimficha katika studio ya kuchorea iliyokuwa nyuma ya nyumba yao. Mwaka 1918 akamwoa binti yao, Toshiko, aliyekufa kijana mwaka 1925. Mwaka 1927 duka lilipofungua sehemu ya kula, Bose akawashauri waweke mchuzi wa kuku wa kwao. Wajapani walikwisha kuujua mchuzi wa bizari, ila waliupokea kutoka kwa Waingereza, mzito kwa unga wa ngano. Huyu aliwapa wa Kihindi, wenye nyama ya kuku na mifupa yake. Ukienda Shinjuku leo bado unauzwa.

Sasa turudi kwa mshairi mwenyewe, maana safari aliyosingiziwa aliifanya kweli. Tarehe 3 Mei 1916 Rabindranath aliondoka Calcutta kwa meli iliyoitwa Tosa Maru, pamoja na Waingereza wawili marafiki zake, W. W. Pearson na C. F. Andrews, na kijana mchoraji, Mukul Dey. (Andrews huyo ndiye aliyefika Kenya miaka michache baadaye kufuatilia madai ya Wahindi dhidi ya masetla.) Walipita Rangoon, Penang, Singapore na Hong Kong. Huko Hong Kong Tagore alisimama sitahani akiwatazama makuli wa Kichina wakipakua mizigo, akastaajabia nguvu na mpangilio wa miili yao, akaandika kwamba siku taifa hilo litakapopata elimu ya kisasa hakuna atakayeweza kulizuia. Alikuwa hajakanyaga bado Japani, na jicho lake lilikwisha kwenda China.

Tokyo ilimpokea kwa kishindo. Stesheni ilifurika watu. Alifikia kwa Taikan, rafiki wa Jorasanko, ambaye sasa hakuwa tena mchekwa bali bwana mkubwa wa sanaa. Kisha akahamia Yokohama kwa Hara Tomitaro, tajiri wa hariri mwenye bustani mashuhuri ya Sankeien. Kwa Hara aliiona picha ya Shimomura Kanzan, yenye paneli nyingi kama pazia la kukunja, ya kijana kipofu aliyefukuzwa na baba yake, amesimama chini ya mti wa maua akilielekea jua linalotua ambalo hawezi kuliona. Ilimshika. Akaomba inakiliwe, na kazi hiyo ikapewa mchoraji mnyenyekevu aliyeitwa Arai Kampo. Kisha akamwomba Arai mwenyewe aje Calcutta, naye akaja, akafundisha Jorasanko, na akaenda pamoja na wenzake hadi mapango ya Ajanta kunakili michoro ya kale ya Kibuddha ukutani.

Lakini katika hotuba zake za hadhara Tagore alisema alichokuwa amekiona. Aliwaambia Wajapani kwamba wamechukua kutoka Ulaya silaha na kiburi cha taifa, na kwamba ugonjwa huo utawamaliza kama unavyoimaliza Ulaya. Kumbuka ilikuwa 1916: Ulaya ilikuwa vitani na Verdun ilikuwa inawaka, na Korea ilikuwa tayari miaka sita chini ya Japani. Magazeti yaliyomshangilia yakapoa. Wasomi wakasema huyu ni mshairi wa taifa lililoshindwa, anatufundisha kushindwa. Siku ya kuondoka, hapakuwa na umati wa kumuaga.

Miaka minane baadaye China ilimrudishia zawadi ya aina hiyohiyo. Mwaka 1924 alialikwa huko na msomi Liang Qichao, akiwa na Nandalal na wengine, mkalimani wake akiwa mshairi kijana Xu Zhimo. Siku yake ya kuzaliwa vijana wa Peking walimchezea tamthilia yake Chitra. Nje ya kumbi nyingine vijana wengine waligawa vikaratasi vya kumpinga: sisi tunataka viwanda na sayansi, wewe unatuletea roho ya Mashariki, roho hiyo ndiyo iliyotufikisha hapa. Siwezi kusema walikosea kabisa. Mtu aliyezaliwa katika jumba lenye watumishi ana nafasi ya kuchoka na mashine ambazo wengine hawajazipata.

Basi hotuba zilishindwa. Ila wakati zinashindwa, katika shule aliyoianzisha Tagore pale Santiniketan, kilomita zaidi ya 150 kutoka Calcutta, katika ardhi nyekundu iliyokauka, mambo madogo madogo yalikuwa yanaota mizizi. Mgeni wa kwanza kutoka nje kusoma hapo alikuwa mtawa wa Kijapani, Hori Shitoku, aliyefuatana na Okakura mwaka 1902 ili ajifunze Kisanskriti. Baada ya safari ya China palianzishwa kilinge cha kunywa chai jioni, kikapewa jina la yule mkalimani, Xu Zhimo, kwa matamshi ya Kibengali. Kunywa chai, na kuisema kwa neno lililotoka China, Wabengali walikuwa wanafanya tayari kama sisi. Mwaka 1927 Tagore alikwenda Java na Bali, akakesha akitazama vivuli vya wayang, na mchoraji Surendranath Kar aliyekuwa msafarani akarudi na ufundi wa batiki. Akina mama wa Santiniketan wakawa wanapaka nta juu ya nguo na kuzichovya kwenye rangi. Mzamisho mwingine huo. Mwaka 1929 akaja mwalimu wa judo kutoka Japani, Takagaki Shinzo. Tagore alisisitiza wasichana nao wafundishwe, jambo lililowashtua wazazi, na walipofanya maonyesho Calcutta akawatungia wimbo.

Tan Yun-shan, mwalimu kijana wa Kichina aliyekutana na Tagore safarini mwaka huo wa 1927, alikuja Santiniketan mwaka uliofuata na kuyafanya makazi yake. Alizunguka miaka akichangisha fedha na vitabu, na tarehe 14 Aprili 1937 Cheena Bhavana, nyumba ya masomo ya Kichina, ikafunguliwa. Watu wa Malindi wangekuwa na la kuongeza kwenye sherehe hiyo. Mwaka 1414 sultani wa Bengal alimpelekea mfalme wa China twiga, mnyama ambaye Bengal haina, na mwaka uliofuata Malindi ikapeleka wa kwake. Mahusiano ya Bengal na China yalikuwa na miaka mia tano kabla ya kupata jengo.

Miezi mitatu tu baada ya ufunguzi, Japani ikaivamia China kwa vita kamili.

Tagore aliilaani hadharani. Mwezi Julai 1938 akapata barua kutoka kwa Yone Noguchi, mshairi wa Kijapani aliyekuwa rafiki yake na aliyewahi kuwa mgeni wa Santiniketan. Noguchi alimweleza kwa upole kwamba hiyo si tamaa ya ardhi, ni njia chungu ya lazima ya kujenga Asia mpya, Asia ya Waasia. Yaani maneno ya Okakura, yaliyonenwa na mtu aliyevaa kimono katika jiji la watu waliotawaliwa, yalikuwa yamepata jeshi. Tagore alimjibu Septemba kwamba Asia anayoielezwa imejengwa juu ya mafuvu ya vichwa. Barua zilipishana tena. Mwishoni alimwambia kwamba anawapenda watu wa Japani, na kwa hiyo hawatakii ushindi, anawatakia majuto. Sijui barua nyingine ya rafiki kwa rafiki iliyo kali kuliko hiyo.

Na Taikan? Taikan hakupeleka barua. Mwaka 1940, akiwa na umri wa miaka 71, alichora picha 20, kumi za bahari na kumi za mlima, akaziuza na kutoa fedha zote kwa jeshi la nchi kavu na la majini. Zikanunua ndege nne za kivita, nazo zikapewa jina lake. Brashi ileile iliyofuta mstari kati ya mti na hewa. Mlima Fuji katika picha hizo, nasikitika kusema, ni mzuri mno.

Tagore alifariki Jorasanko tarehe 7 Agosti 1941. Mwaka uliofuata Wajapani waliichukua Burma, mchele uliokuwa ukitoka huko ukakatika, na usiku wa tarehe 20 Desemba 1942 ndege zao zikaiangushia Calcutta mabomu kwa mara ya kwanza. Watu walikimbia mji wakiwa wamejitwika magodoro. Wakati huohuo Rash Behari Bose, mzee mgonjwa, alikuwa upande wa Japani akiunda jeshi la kuikomboa India, na mwaka 1943 kule Singapore akamkabidhi uongozi Mbengali mwingine, Subhas Chandra Bose. Mwaka huo njaa ikaimaliza Bengal. Makadirio ya wanahistoria ni kwamba walikufa watu kati ya milioni 2 na 3, na lawama kubwa wanaibebesha serikali ya Uingereza iliyojali zaidi shehena za vita. Mbengali wa 1943 alikuwa na Mwingereza aliyemwachia afe njaa, Mjapani aliyemtupia mabomu, na ndugu zake wenyewe waliosema Mjapani huyo ndiye mkombozi.

Abanindranath hakuwa tena Jorasanko. Nyumba yake ilikuwa imeuzwa, naye akahamia Baranagar, nje kidogo ya mji. Alikuwa ameacha karibu kabisa kuchora. Alikuwa akiokota vipande vya mizizi, matawi makavu na makokwa, akivigeuzageuza mpaka aone ndege au bibi kizee ndani yake, akivikata kidogo tu, na kuvipanga dirishani. Vilikuwa wanasesere, alisema, wa kuchezea yeye. Rani Chanda, mwanamke wa Santiniketan, alikuwa akija kumsikiliza na kuandika anayoyasimulia kuhusu nyumba ya zamani: michezo ya kuigiza ya baba yake mdogo Rabindranath, ambaye kwa Kibengali alimwita Robi-kaka, maana kaka kwao ndiye baba mdogo, watumishi, mikokoteni, wageni.

Masimulizi hayo yalitoka kitabuni mwaka 1944, Wajapani wakiwa wamefika hadi Imphal na Kohima ndani ya mipaka ya India, na taa za Calcutta zikizimwa usiku kwa hofu ya ndege. Mzee hakuliruka jina la Taikan wala hakumwongezea ubaya wa baadaye. Anamtaja kama mtu anayemtaja mwenzake wa ujanani: yuko sakafuni, ana brashi pana mkononi, anailowesha picha.